Mguu wa Kushoto wa Makengeza

Niliondoka Ntimaru kwa sababu ya aibu. Wakati ule nilidhani ni aibu ya pikipiki ya baba yangu.

Kwanza nieleze mimi ni nani. Naitwa Chacha, mtoto wa Mzee Mwita, na nina diploma ya ufundi wa magari na mitambo. Nilijisomesha mwenyewe, bila mtu wa kunishika mkono. Baada ya hapo nilivuka bahari, nikafanya kazi miaka tisa katika karakana ya mabasi kule Ghuba, na siku naondoka nilikuwa msimamizi wa mafundi kumi na mmoja waliotoka nchi nne. Nilirudi nyumbani nikajenga nyumba ya matofali yenye paa la kijani linaloonekana kutoka barabarani. Diploma yangu niliitia kwenye fremu nikaitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni huiona kabla hajaona kiti. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba yaliyotokea hayakufanywa na mtu wa kubahatisha. Yalifanywa na mtu mwenye ujuzi.

Baba yangu ni daktari wa ng'ombe. Cheti hana, lakini kuanzia Ntimaru hadi Kegonga, na hata ng'ambo ya mpaka upande wa Tanzania, ng'ombe akikataa kula anaitwa yeye. Kwa miaka mingi amezunguka boma kwa boma na pikipiki moja ya Kijapani, ya namna ile waliyokuwa wakipewa makatekista na maofisa wa mifugo, sanduku la dawa likiwa limefungwa nyuma kwa mpira. Mama alifariki nikiwa shule ya msingi. Tangu hapo mzee ana vitu vitatu: pikipiki, sanduku, na ng'ombe wa watu. Siku asiyoitwa anakaa kwenye kiti mlangoni, na ukimtazama unaona anazeeka.

Nilipoiona pikipiki hiyo baada ya miaka tisa, niliona haya. Miguu yake miwili ya mbele, ile ya shokapu inayoshika gurudumu, haikuwa ya familia moja. Wa kulia ulikuwa ule wa asili, mnene, mweusi. Wa kushoto ulikuwa mwembamba, unang'aa, na chini ulikuwa umevishwa kipande cha bomba kilichopigwa tupa kwa mkono. Kwa hiyo gurudumu lilitazama kando kidogo, kama mtu anayekusalimu huku macho yake yako kwa mwingine. Vijana wa bodaboda waliipa jina la Makengeza.

Aliyenichoma zaidi ni Marwa, mwenyekiti wa steji yao. Kila nikipita alikuwa na neno. Siku moja aliniambia mbele ya watu, akiniita kijana kwa Kikuria, "Mura, hiyo diploma yako inalala sebuleni ikiwa imevaa kioo, na mzee anatembea na Makengeza. Sasa mgonjwa ni nani?"

Wote walicheka. Nikawajibu kwamba kabla wiki haijaisha pikipiki ya baba itakuwa imenyooka kama rula, na kwamba atakayecheka tena atacheka peke yake.

Jioni hiyo nilimweleza baba. Alikuwa anakunywa uji. Alikiweka kikombe chini, akasema, "Iache. Imenizoea."

Nikamweleza habari za usawa wa gurudumu, jinsi tairi linavyolika upande mmoja, jinsi mtu anavyoweza kuanguka kwenye kona. Nilimchorea hata mchoro. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Fanya unavyoona," akachukua kikombe chake na kuendelea kunywa. Nilichukua maneno hayo kuwa ruhusa.

Jumatatu asubuhi niliifungua pikipiki pale steji, watu wakiwa wamenizunguka. Kufungua miguu ya mbele si kazi ya kila mtu. Nilifanya polepole ili waone. Nilipoutoa ule mguu wa kushoto niliuinua juu, nikawaonyesha lile bomba la kienyeji, nikauliza kama kuna chuo duniani kinachofundisha kitu hicho. Halafu nikaufunga kwenye jiliwa la fundi wa kuchomelea, nikachukua msumeno wa chuma, nikaukata katikati ya lile bomba, ili asije mtu mwingine akaurudisha tena. Watu walipiga makofi. Baba alikuwa amesimama kwenye ukuta wa kinu cha posho. Nilipogeuka kumtafuta alikuwa ameshaondoka, kwa miguu, sanduku lake likiwa chini ya kwapa la kulia.

Jumanne, jua likichomoza, niliianza safari. Ule mguu wa kulia, ule wa asili, niliufunga kwenye gunia ili uwe kipimo, maana nilikuwa natafuta ndugu yake. Nilipanda gari hadi Kehancha, kisha Migori. Kuanzia kwetu barabara inapita kwenye mashamba ya tumbaku na mahindi, na ng'ombe wanavuka wanapotaka. Kila nilipoona kundi nilifikiria kwamba baba anawajua wengine kati yao kwa majina. Nilikuwa na furaha. Nilihesabu kwamba Alhamisi nitakuwa nimerudi, na Ijumaa, siku ya mnada, mzee atapita mbele ya Marwa akiwa amenyooka.

Migori mjini nilizunguka maduka ya spea tangu saa tatu hadi saa nane. Kila duka nililoingia nilifungua gunia, na kila muuzaji aliutazama ule mguu kama mtu anayeonyeshwa picha ya marehemu. Pikipiki za siku hizi ni za Kihindi na za Kichina. Ya baba iliacha kutengenezwa kabla baadhi ya wauzaji hao hawajazaliwa. Duka la mwisho lilikuwa la mama mmoja wa makamo aitwaye Mama Atieno, aliyekaa katikati ya matairi akichambua omena kwenye ungo. Nilimweleza elimu yangu na kazi niliyokuwa nikifanya Ghuba, ili ajue anaongea na nani.

"Diploma bila spea ni karatasi, ndugu yangu," alisema bila kuinua macho. "Hiyo kitu hapa Migori hupati. Enda Sindo, kwa fundi mmoja anaitwa Okeyo. Yeye hutengeneza injini za maboti. Iko na pikipiki ya katekista imelala kwake miaka mingi, ni kama hii." Akatupa kichwa cha omena kwa paka. "Hata huyo Okeyo alikuwa anakaa huko kwenu Ukuria zamani. Labda mnajuana."

Simkumbuki Okeyo yeyote, nilimwambia. Nilikuwa chuoni, halafu nikawa ng'ambo.

Homa Bay nilifika jioni nikalala hapo. Asubuhi ya Jumatano, karibu na soko la samaki, nilipata pikapu iliyokuwa inarudi Sindo na masanduku matupu ya barafu. Dereva alikuwa mtu wa Lambwe, mwenye maneno mengi, na tulipoteremka bondeni alinionyesha vitambaa vya buluu vilivyotundikwa kwenye miti kutega mbung'o. Alisema zamani mbung'o ndio walioamua nani afuge na nani asifuge katika bonde hilo. Mbali upande wa mbuga tuliona twiga wanne wakitembea ndani ya nyasi kana kwamba hawana haraka na lolote. Nikamsimulia kazi ya baba yangu. Akauliza umri wake, nikamwambia. Akauliza kama bado anaendesha mwenyewe na kushika ng'ombe mwenyewe. Nikasema ndiyo, baba yangu ni chuma. Dereva alitikisa kichwa, akasema basi mzee huyo na hiyo pikipiki wamekubaliana jambo. Niliyasikia maneno hayo kama sifa tu.

Sindo, saa tano. Ziwa lilikuwa jeupe kwa jua. Okeyo nilimkuta chini ya mabati manne, pembeni ya barabara inayoshuka ufuoni, injini ya boti ikiwa imefunguliwa mbele yake juu ya meza. Ni mzee mwembamba, mwenye vidole virefu. Nilipomsalimia aligeuza sikio kwanza, ndipo uso. Macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu. Alikuwa akifanya kazi kwa kupapasa, na kila spana ilikuwa na mahali pake mezani, hata sikuthubutu kugusa kitu.

Nilijieleza: jina langu, nilikotoka, diploma yangu, na shida iliyonileta. Sikumwambia mimi ni mtoto wa nani, kwa sababu sikuona kama inahusu. Akanyoosha mikono. Nikampa ule mguu kutoka kwenye gunia.

Aliupapasa kuanzia juu, akashuka polepole, na alipofika kwenye kovu dogo karibu na mahali pa ekseli, kidole chake kilisimama.

"Omera," alisema, "hii mguu mimi najua. Hii ni ya daktari. Mwita wa Ntimaru."

Nikasema ndiye baba yangu.

Uso wake ulifunguka. Akacheka, akaniuliza kama mzee ni mzima, kama bado anakataa chai yenye sukari. Akasema alikaa Ntimaru miaka saba akitengeneza vinu vya posho, na hakuna mtu aliyemheshimu kama daktari. Kisha akauliza, "Na ndugu yake ya kushoto iko wapi? Ile nilitengeneza mimi. Imeleta shida?"

Nikamwambia niliukata.

Hakunielewa. Nikarudia: niliukata kwa msumeno, katikati, kwa sababu haukulingana.

Okeyo aliuweka ule mguu mezani kwa uangalifu, kama unavyomlaza mtoto. Chini ufuoni mtu alikuwa akijaribu kuwasha injini, ikakohoa, ikazima, ikakohoa.

"Aliniapisha nisiseme," alisema mwishowe. "Lakini wewe umeshakata. Kaa chini."

Akanieleza. Mwaka mmoja nilipokuwa chuoni, fahali mmoja alimbana baba kwenye nguzo za zizi akamvunja bega la kushoto. Mzee hakwenda hospitali. Alijifungia nyumbani kwa wiki kadhaa akisema ana malaria, na bega likajiunga lenyewe vibaya. Vidole vilibaki na nguvu, klachi aliweza kushika, lakini mkono haukupanda tena juu ya kifua, wala haukuweza kusukuma. Alipopanda pikipiki, mkono wa kulia ndio uliosukuma usukani peke yake, na pikipiki ikakimbilia kulia. Alianguka mara mbili njia ya Kegonga. Akaja kwa Okeyo wakati hakuna mtu, akamwambia shida yake, akamwapisha.

"Sasa mimi nikafikiri, mkono hatuwezi kutengeneza. Tutengeneze pikipiki. Nikamwekea mguu ya pikipiki ingine upande wa kushoto, na bomba chini, ndio gurudumu ivute kushoto kidogo. Mkono inasukuma kulia, gurudumu inavuta kushoto, mzee anaenda sawa. Lakini kipimo hakuna kwa kitabu. Kila siku anaenda mpaka mtoni anarudi, ananiambia, Okeyo, bado. Napiga tupa. Okeyo, imezidi. Naanza ingine. Wiki tatu, omera. Tofauti ilikuwa unene wa shilingi, na hata shilingi ni nene." Akapangusa macho yake yasiyoona. "Nilimwambia, mzee, pumzika mwezi mmoja. Akasema kazi haiwezi kulala, mtoto iko chuo."

Nimekuwa nikisema kwamba nilijisomesha, na si uongo. Nilibeba mawe kila wikendi. Lakini kila muhula ilifika pia bahasha ya pesa kutoka nyumbani, na bahasha hiyo sikuwahi kuiweka katika masimulizi yangu.

Nilimuuliza Okeyo kama anaweza kutengeneza mwingine. Akanigeuzia uso ili niyaone macho yake vizuri. Baadaye akasema kipimo kilikuwa ndani ya lile bomba nililolikata, na hata lingekuwa zima, bega la mzee lilikuwa la wakati ule. Sasa lina miaka mingine juu yake.

Kisha akainuka, akapapasa nyuma ya mapipa, akatoa mguu wa kushoto wa pikipiki ya katekista. Ulikuwa mnene, mweusi, haujapinda hata kidogo. Alikataa kulipwa.

"Chukua. Iko sawa kabisa na hii yako," alisema. "Hiyo ndio shida yake."

Nilipokuwa nikifunga gunia aliniuliza swali moja ambalo silisahau. Aliuliza, kabla ya kufungua ile pikipiki, nilikuwa nimemtazama mzee akiiendesha? Nikafikiri. Nilikuwa nimeipima pikipiki ikiwa imesimama, kwa uzi na rula, kuanzia mbele hadi nyuma. Baba akiwa juu yake sikuwahi kumtazama hata mara moja.

Njia ya kurudi sina mengi ya kueleza. Lambwe niliipita bila kuona twiga wala vitambaa. Nilikuwa nikikumbuka mambo madogo ya miezi mitatu niliyokaa nyumbani: baba akifungua dirisha kwa fimbo, baba akivaa koti kwa kuingiza kwanza mkono wa kushoto huku ameinama, baba akimwomba mtoto wa jirani amshushie chombo kwenye rafu na kusema ni uzee. Nilikuwa nimeyaona yote. Kwetu Ukuria mwanamume akishatahiriwa hasemi mwili wake umeshindwa, na mtu wa mwisho wa kumwambia ni mtoto wake wa kiume. Mzee asingeweza kunikatalia bila kutoa sababu, na sababu ilikuwa ndiyo siri. Aliposema imenizoea, alikuwa amesema yote aliyoweza kusema. Nami nilikuwa nimeshamwahidi Marwa mbele ya watu, hata njia ya kurudi nyuma sikumwachia.

Migori, kwenye daraja, nilisimama na gunia langu nikiyatazama maji. Wazo la kulitupa lilinijia. Lakini kutupa ingekuwa kuharibu mguu wa pili katika wiki moja, nikaendelea na safari.

Alhamisi mchana nilifika nyumbani kwa njia ya nyuma, kuepuka steji. Baba alikuwa mlangoni, kwenye kiti. Alilitazama gunia, kisha uso wangu.

"Umefika kwa Okeyo," alisema. Hakuwa anauliza.

"Nimefika, Tata."

"Macho yake?"

"Hayaoni tena."

Alitikisa kichwa taratibu. Baadaye kidogo akasema, "Basi funga hiyo uliyoleta."

Niliifunga. Naweza kusema bila kujisifu kwamba ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, hata kule Ghuba. Nilibadilisha sili, nikajaza oili, nikapima mara tatu. Gurudumu lilitazama mbele kama jicho la mwanajeshi.

Ijumaa alfajiri, kabla wanafunzi hawajafika, tuliisukuma hadi uwanja wa shule. Baba akapanda. Aliondoka vizuri, mgongo wima, na kwa muda mfupi nilidhani Okeyo amekosea. Kisha pikipiki ikaanza kwenda kulia. Niliona bega la kushoto likijaribu, likikataa. Ilienda kulia, kulia, ikavuka mstari wa uwanja ikaingia kwenye mihogo. Akairudisha mwenyewe akajaribu tena. Mara ya tatu alianguka. Nilimkimbilia nikataka kumwinua, akanizuia kwa mkono wa kulia, akainuka peke yake, akajipangusa vumbi. Alizunguka pikipiki, akachuchumaa mbele yake, akaliangalia gurudumu kwa muda.

"Umefanya vizuri," alisema. "Imenyooka."

Mwezi mzima baada ya hapo nilijaribu kuutengeneza tena mguu wa Okeyo. Nilivichukua vile vipande viwili nikaviunganisha, nikapiga hesabu, nikachonga mabomba sita. Kila alfajiri baba alienda hadi mwisho wa uwanja akarudi, akaniambia bado, au imezidi. La sita lilipokatika alishuka, akasema imetosha. Nikaurudisha ule mguu wa katekista, na hakupanda tena.

Sasa watu walianza kuuliza. Makengeza imenyooka, mbona mzee anatembea kwa miguu? Ningeweza kusema ukweli, lakini ukweli haukuwa wangu. Kwa hiyo siku Marwa aliponiuliza, nilimwambia pikipiki nimeichukua mimi. Mzee amezeeka, na mimi ndiye mwenye kazi nayo. Kuanzia siku hiyo nilipita steji nikiwa juu yake makusudi, ili waamini.

Waliamini haraka kuliko nilivyotarajia. Kwetu mtoto hagusi kitu cha baba yake wakati baba yuko hai. Hotelini watu walinyamaza nikiingia. Marwa hakunitania tena, na hilo liliniuma kuliko utani. Alisema mara moja tu, akinitazama machoni: "Mura, ulipanda ndege kuja kumnyang'anya mzee pikipiki?" Mtu mwenye diploma, mwenye paa la kijani, nikameza maneno hayo nikawasha injini. Nilihesabu kwamba angalau kitu kimoja nimekitunza: siri ya mzee.

Baba alisikia. Sijui nani alimwambia.

Siku ya mnada iliyofuata alikuja steji kwa miguu, amevaa koti lake. Nilikuwa hapo, nimekaa juu ya pikipiki. Aliwasalimu vijana, akasimama mbele ya Marwa, akalivua koti kwa mkono mmoja, akafungua vifungo vya shati. Bega lilikuwa limezama, mfupa umetokeza mahali ambapo mfupa hautokezi. Akaanza kuuinua mkono wa kushoto. Ulipofika kifuani ukasimama, ukatetemeka, na akauacha uendelee kutetemeka ili kila mtu aone.

"Mkono huu hauendi mbele ya hapa," alisema. "Ni miaka mingi. Chacha hakuninyang'anya kitu. Ningeweza kuiendesha, ningeiendesha."

Mtu wa rika lake, mbele ya vijana ambao wengine aliwatibia ng'ombe wa mahari. Marwa aliinama akaokota koti, akamvisha, akianza na mkono wa kushoto.

Tangu siku hiyo watu wananisalimu kama zamani, na hotelini wananipisha kiti. Lakini baba haitwi tena. Hakuna aliyemtukana wala kumcheka. Ni kwamba mwenye ng'ombe anafikiri, mzee wa mkono mmoja atamshikaje fahali wangu? Wanamwita kijana mmoja wa Kegonga mwenye cheti. Baba aliutoa ufundi wake wote pale steji ili kulikomboa jina langu, na kila mtu aliyekuwepo anajua hivyo, mimi wa kwanza. Nilipomuuliza kama naweza kuandika safari hii, alisema niandike, amechoka kuficha.

Nilichojifunza ni kidogo na kimechelewa. Nina gereji sasa, na diploma bado iko ukutani, maana niliifanyia kazi. Lakini anayeniletea chombo simruhusu kushuka. Namwambia aende hadi mwisho wa barabara arudi, nami nasimama namtazama yeye kabla ya kutazama anachoendesha.

Pikipiki ya baba naifuta vumbi kila asubuhi. Siiendeshi. Gurudumu linatazama mbele kabisa. Baba anakaa kwenye kiti mlangoni, sanduku la dawa likiwa karibu na miguu yake, na kila pikipiki inapopita barabarani anageuza kichwa, anasikiliza kama itasimama kwetu.